Fundi Kabati na Koki ya Kushoto

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi kwenye jua hili, mimi ni yule kinyozi wa kona, wengi wenu navijua vichwa vyenu kuliko majina yenu, ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na naomba mnivumilie nikipoteza mstari, maana ukoo wetu umejaliwa vitu vingi lakini ushujaa haumo.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kabati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mwisho wa barabara ya chini, pale mfereji mkubwa unapopinda nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za watu, nami nikamfuata miaka sita baadaye.

Tarehe 2 Mei 1964, mvua ikiwa imenyesha tangu juzi yake, mfereji ulifurika alasiri wakati baba na mama wakiwa kazini, maji yakaingia kwa chini ya mlango kimyakimya kama mgeni mwenye aibu, mbao za mlango zikavimba zikakwama, na marehemu, mtoto wa miaka minane, akanibeba akaniweka juu ya kabati la nguo, akapanda na yeye, akanifunga kiunoni kwa shuka, tukakaa pale tukiyatazama yanavyopanda, hadi fundi bomba wa nyumba ya pili alipovunja dirisha na kututoa. Mimi sikumbuki kitu, nilikuwa na miaka miwili tu, lakini hadi leo nikimwosha mteja nywele na maji yakajaa kwenye beseni huyamwaga kabla sijamaliza kichwa chake, na yeye, aliyekumbuka kila kitu, alituambia kwamba yalipokauka ulibaki mstari mweusi ukutani, usawa wa kidevu chake, na mama aliusugua kwa brashi mpaka brashi ikaisha.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kilichokuwa jirani na stesheni ya treni, na mwalimu alipomuuliza kwa nini amechagua useremala alijibu bila kupepesa macho kwamba anataka kujifunza kutengeneza makabati mazito, darasa likaangua kicheko, yeye hakucheka, na cheti chake cha mwaka 1974 kimetundikwa karakana hadi leo.

Aliajiriwa katika kiwanda cha samani kuanzia mwaka 1975, akaondoka kwa heshima mwaka 1990 kufungua karakana yake nyuma ya soko la mitumba, na hakuna nyumba ya mtaa huu isiyo na kitu alichokigusa, na mliomtuma kazi mnaijua tabia yake, kwamba hakuvumilia skrubu ionekane, aliizamisha ndani ya ubao, akakiziba kichwa chake kwa kijiti cha mbao ileile kilichopakwa gundi, akapiga msasa hadi kidole kisijue pa kusimama, na mwanafunzi aliyeacha skrubu wazi aliambiwa, mbele ya wateja, kwamba hiyo ni sawa na kutoka nyumbani bila kufunga zipu.

Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yangu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na ndiye mtu pekee aliyeweza kumkosoa vipimo akanyamaza, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni dereva wa malori, wa pili ni mhasibu, na wa mwisho ni binti, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye baba yake alimkataza mto, bwawa, bahari na hata beseni kubwa, na kwa ukaidi ule ule wa baba yake akajifunza kuogelea kwa siri, akaajiriwa kushona matanga kwenye karakana ya boti, na siku alipotangaza kazi hiyo marehemu alinijia kinyozini akakaa kwenye kiti bila kutaka kunyolewa.

Mwaka 2019 mwenye karakana ile, akitaka kupata nafasi, alimpa binti huyu boti dogo la tanga, kuukuu, la futi ishirini na sita, lililotelekezwa chini ya turubai, naye akasema mezani, mbele ya wazazi wake, kwamba atalikarabati, atahamia humo, na siku moja atasafiri nalo mbali, mama yake akaanza kulia, na marehemu akaweka kijiko chini, akatoka nje, kisha akarudi akasema, "Kama utalala humo, hutalala kwenye uozo, nitaingia mimi."

Aliingia kwa mara ya kwanza Januari 2020, boti likiwa nchi kavu limeegemezwa juu ya magogo, na bado alishuka ngazi zile nne akiwa ameshika pande zote mbili, akakuta chumba cha chini ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima, magodoro yaliyoota ukungu, kitambaa cha dari kinaning'inia, sakafu inabonyea kama mkate uliolowa, harufu ya dizeli na panya, na kuzunguka kuta zote, usawa wa vitanda, mstari mweusi wa maji yaliyowahi kusimama humo. Aliniambia mwenyewe kwamba alipouona mstari ule alikaa chini, na kilichomuinua si ujasiri, ni hofu ya kwamba mtoto wake atalala chini ya mstari huo.

Kwa karibu miaka mitatu alifanya kazi humo, aling'oa kila kitu hadi likabaki ganda tupu, akasugua rangi ya zamani na faibaglasi, zile nyuzi za kioo zilizogandishwa kuwa mwili wa boti, bila kufunika pua, jambo ambalo tutalirudia, akajenga vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko dogo lenye sinki, rafu zenye kingo ili sahani zisiruke, na makabati, ndugu zangu, makabati kila mahali, ya mbao nyekundu iliyopakwa vanishi mara saba, yaliyofuata mpindo wa boti hata karatasi isipite, na binti yake, aliyekuwa ametumwa bandari nyingine kushona matanga kwa miezi mingi, aliporudi akashuka ngazi, alishika mdomo, akazunguka akigusa milango, na kwa jinsi kulivyong'aa akasahau kuuliza swali ambalo kila mtu wa boti huuliza.

Swali lenyewe ni hili, koki ziko wapi, na nalieleza kwa sisi wa nchi kavu, kwamba kwenye sakafu ya boti kama lile mna matundu yaliyotobolewa makusudi, moja la kutolea maji ya sinki, moja la choo, moja la kuvutia maji ya kupooza injini, kila tundu lina koki na mpira wake, na mpira ukichomoka bahari inaingia ndani, hivyo koki lazima ifikiwe na mkono mara moja, gizani, hata mtu akiwa amelewa usingizi. Marehemu alikuwa fundi wa nyumba, na katika nyumba nzuri bomba halionekani, basi zile koki tatu alizifunika zote kwa makabati yake, akakaza skrubu, akaziba vichwa, akapiga msasa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022 boti lilishushwa majini, na marehemu, ambaye hakuwahi kupanda hata kivuko, alisema hawezi kumpeleka mtoto wake mahali asikokwenda yeye, akavaa jaketi la kuokolea juu ya koti la harusi yake, wakatoka wawili, na walipofika katikati ya ghuba binti aliona mazulia ya chini yanaelea, maji yakitoka upande wa sinki. Aliita kutoka kwenye usukani, "Baba, funga koki ya sinki, upesi!", na marehemu alisimama mbele ya kabati lake bora kuliko yote, akijua kabisa iliko, hana bisibisi wala nyundo, kwa sababu sanduku la zana alilishusha asubuhi ili lisikwaruze vanishi, akalipiga teke, akalipiga bega, akapiga magoti majini akatafuta kwa kucha kichwa cha skrubu, na kwa ustadi wake mwenyewe hakukipata hata kimoja, na maji yakapanda, kimyakimya, kama yale.

Waliokolewa na akili ya binti, ambaye aligeuza boti akalielekeza kwenye fungu la matope akalikwamisha hapo kwa makusudi, na watu wa karakana walipowafikia walimkuta marehemu amekaa juu ya kabati amemkumbatia bintiye kiunoni kwa mikono miwili, na ilibidi waombe sana ndipo akamwachia.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakulala vizuri, aliamka kugusa sakafu ya nyumba yake kama ni kavu, alisikia maji ndani ya kuta, alimwomba binti aliuze boti, shemeji akaomba lichomwe moto, na binti akawajibu kwa adabu kwamba boti halina kosa na safari iko palepale, na mimi niliyekuwepo niliona jinsi hofu ilivyomgeuka marehemu, ikaacha kuwa ya maji, ikawa ya mikono yake.

Maradhi yalianza Machi 2023 kwa kikohozi kikavu, vipimo vya hospitali kubwa vikaonyesha mapafu yameharibiwa na vumbi, daktari akamkataza kabisa kushika msasa, naye akaitikia vizuri, akapita dukani akanunua barakoa, akarudi kwenye boti. Alibomoa kazi yake mwenyewe, polepole, akipumzika kila baada ya ubao mmoja, akaondoa gundi, akaweka milango inayoshikiliwa na kipini kimoja cha mbao ambacho mtu anakizungusha kwa kidole, skrubu zikawa wazi zinang'aa bila aibu, na kila aliyepanda kusalimia, awe mpaka rangi au mhasibu wetu na suti yake, alifungwa kitambaa machoni akaambiwa aitafute koki, na akichelewa marehemu alibomoa upya.

Alimaliza koki ya sinki na ya choo, ikabaki ya kushoto, ya injini, iliyo ndani kabisa chini ya kitanda, na hiyo hakuiwahi, kwani tarehe 20 Septemba 2024 alizidiwa akalazwa, binti akaimalizia kwa mkono wake. Kila aliyekwenda kumjulia hali hakuulizwa habari za nyumbani, aliulizwa kitu kimoja kupitia barakoa ya hewa aliyovishwa wodini, "Mkono unafika?", tukajibu unafika, akatikisa kichwa, akisema binti atasema lolote ili yeye alale, na mke wake vilevile, na Alhamisi jioni akawaagiza, "Mtumeni Kinyozi. Yule ni mwoga tangu kabatini, na mwoga hawezi kudanganya habari ya maji."

Basi Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2024, asubuhi, mimi ambaye nikivuka daraja natazama mbele tu, nilipanda boti lile likiwa majini, binti akanishika mkono, nikashuka ngazi nne, nikafunga macho, mlango wa juu ukafungwa kama alivyotaka marehemu, na nasema mbele yenu wote kwamba niliogopa hadi jasho likaniingia machoni, nilisikia maji ng'ambo ya ubao, karibu na sikio langu kabisa, nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono chini ya kitanda cha kushoto, kipini kikazunguka, mlango ukatoka, na mkono wangu ukaishika koki, baridi, nikaifunga, na nilipoifungua tena simu ya binti ikalia. Marehemu alikuwa amevuta pumzi ya mwisho muda huohuo, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, akisubiri jibu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao waliulizwa swali la koki mara nyingi wakajibu kwa upole bila kulielewa, majirani walioleta viti, maji na mabega yao, wafanyakazi wa karakana ya boti waliokwenda hadi kwenye matope, na mafundi wenzake wa nyuma ya soko, waliolitengeneza jeneza hili kwa siku moja, ambao nimewaomba, na mtaona wenyewe mkisogea, waache skrubu zake zote wazi.

Binti anaondoka na boti lake mwezi ujao, amekataa kubembelezwa, mama yake anaogopa, kaka zake wanaogopa, mimi naogopa kuliko wote, na sitawadanganya kwamba hofu hii inazikwa leo.

Ila kaka, ulinituma nami nimekwenda, sikukuwahi kitandani, nakuletea hapa mbele ya watu. Pumzika sasa. Mkono unafika.