Jina la Baba Yake Varvara

Kwenye tramu ya kwenda Kisiwa cha Vasilyevsky, kijana mwenye daftari mapajani, aliyeketi mbele yangu, alimweleza mama mzee aliyeketi kando yake kwamba ana kifafa, na kwamba ameacha dawa wiki tatu sasa ili amalize riwaya yake. "Mwandishi wetu mkubwa alikuwa na kifafa hiki hiki, bibi. Ndicho kilichompa vitabu."

"Nani kakudanganya?" Mama huyo alisema amelinda vyumba vya makumbusho ya mwandishi huyo miaka thelathini. "Miaka minne kafungwa Siberia, pingu miguuni. Halafu kifafa. Akianguka, siku kadhaa hawezi kuandika. Alisahau hata aliyoyaandika, ikabidi ayasome upya kama mgeni. Aliandika kwa siku zilizobaki, mwanangu. Hapo ndipo namvulia kofia."

"Lakini aliyajua mateso."

"Aliyajua sana. Ila angepewa vidonge vyako, angevimeza pamoja na kopo lenyewe."

Nilikubaliana naye, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Mhusika wako mkuu anaitwa nani?"

"Varvara."

"Varvara binti nani?"

Kwetu, mtu asiyetajwa pamoja na jina la baba yake hajatajwa bado. Kijana alifungua daftari.

"Nimemwandika kurasa mia tatu," alisema polepole. "Jana nilianguka."

Tramu ikasimama, mama mzee akashuka. Kijana, ambaye awali aliniuliza kuhusu kituo hicho hicho, alibaki ameketi akipekua daftari, akimtafuta baba yake Varvara.