Kinyozi Kaombwa Ukocha

Mpaka leo sijafumbua kwa nini dada mshonaji alilipita benchi letu zima la kahawa nje ya saluni, akamruka Straika aliyewahi kuchezea timu ya mtaa miaka tisa, akaingia ndani kumwomba Kinyozi awafundishe mbio wanariadha wenye ulemavu wa akili, akiwemo mdogo wake. Dada mwenyewe tukimuuliza hucheka tu. Kocha wao wa zamani alihamishwa kazi. Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri, walikuwa wakifika uwanjani na viatu vyao, wanasimama, wanarudi nyumbani. Mwenye uwanja akasema kocha asipopatikana Jumamosi hii, muda wao atawapa wengine. Kazi ni ya kujitolea. Kinyozi hakujibu ndiyo wala hapana. Alitoka na kikombe chake, akakaa kati yetu, basi shughuli ikaanza.

— Dada alikosea mtu, alisema Straika. Mimi nilikuwa nimeenda msalani.

— Nusu saa nzima? aliuliza Fundi Viatu.

— Usinichunguze, kaka. Huyu Kinyozi hajawahi kukimbia hata mvua!

— Kweli, alisema Kinyozi. Ikinikuta, natembea.

— Si vibaya, alisema Fundi Viatu. Mwenda pole hajikwai.

— Kwenye mita mia? Utawamaliza watu wewe!

Muuza Kahawa akainua birika.

— Mimi naona ni vichwa. Kinyozi anashika vichwa vya mtaa mzima, lazima anajua yaliyomo.

— Basi mimi ninayeshika viatu, alisema Fundi, najua kila mtu anakokwenda.

— Unajua. Hutaki kusema tu.

— Tuache mzaha, alisema Straika. Ukocha una kanuni. Na watoto wale wanahitaji mtu...

— Watoto gani? aliuliza Kinyozi. Mdogo wake dada ana miaka thelathini na mmoja. Namnyoa ndevu.

— Ndiyo hivyo, samaki mkunje angali mbichi.

— Ana ndevu, Straika. Tafuta methali nyingine.

Tulicheka, Kinyozi hakucheka. Nikamuuliza anaogopa nini.

— Jumamosi alasiri ndipo saluni inajaa, ndugu yangu. Lakini si hilo tu. Siku ya kwanza kumnyoa yule bwana niliwasha mashine bila kumwambia. Alitoka mbio na taulo shingoni mpaka kona ile. Kosa langu, siyo lake. Ilichukua wiki tatu ndipo akakaa tena kwenye kiti. Huyo ni mmoja. Sasa nikikosea mbele ya watu kumi na wawili?

— Wiki tatu mlikuwa mnafanya nini? aliuliza Straika.

— Anakuja, anaishika mashine ikiwa imezimwa, anaenda zake.

— Mimi ningeshamfokea, alisema Straika, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Hapo ndipo yule bwana mwenyewe alipotokea, viatu vya mbio mkononi. Alitusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, hata Muuza Kahawa hakumsahau. Kisha akauliza:

— Jumamosi nani anakuja?

Fundi akaangalia kikombe chake. Straika akaangalia barabara. Muuza Kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Yule bwana hakuharakisha mtu, alisubiri jibu lake.

— Nitakuja mimi, alisema Kinyozi mwishowe. Ila sijui kukimbia.

— Mimi najua, akasema yule bwana.

Palepale tukakata shauri: Kinyozi aende uwanjani kila Jumamosi, na sisi watatu, Fundi, Straika na mimi, tupokezane zamu ya kukaa saluni na kuwaomba wateja wasubiri. Kinyozi alikwenda Jumamosi hiyo, na anakwenda hadi sasa. Fundi alipata udhuru, nami nikapata wangu. Zamu zote anazishika Straika.