Somo Ambalo Dakta Kingori Hakulifundisha

Wazee wa kanisa, waombolezaji wote, nawe mama Karwitha uliyetoka Nkubu kuja kukaa nasi, mimi ni Gicheru, mdogo wa marehemu, na nimetumwa niwasomee maisha yake jinsi yalivyokuwa, si jinsi ambavyo tungependa yawe.

Dakta Simeon Kingori alizaliwa hapa Giakanja tarehe 9 Mei 1945, akasoma sekondari Nyeri, akahitimu uhandisi wa kemikali chuo kikuu mwaka 1970, akafunga ndoa na Warigia tarehe 16 Desemba 1972, wakajaliwa binti mmoja, Ngendo.

Alifundisha chuo kikuu tangu 1974, na wanafunzi wake mlioko hapa mnajua alivyokuwa mkali, akikurudishia ripoti mara nne kwa ajili ya kipimo kimoja, kisha akikupikia chai ofisini ili mrekebishe pamoja.

Mwaka 1993 chuo kilifunguliwa baada ya kufungwa kwa miezi mingi, akalazimika kukimbiza silabasi, akaruka somo la saa moja tu, kuhusu gesi ya mashimo ya maji machafu, ambayo hunuka kama mayai yaliyooza, lakini ikizidi huua pua kwanza, usiisikie tena. Kiogora, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, alikwenda kwa mafunzo ya kazini katika kiwanda cha ngozi karibu na Sagana, na tarehe 3 Agosti mwaka huo aliona harufu imeisha, akadhani shimo ni salama, akashuka kuchota maji ya kupima, akafia humo.

Tangu hapo somo hilo likawa la kwanza kila mwaka, na kila Agosti ndugu yangu alienda Nkubu, ambako mama Karwitha, mzazi wa Kiogora, alimpikia na kumshukuru kwa kumlea mwanawe, naye alikula akanyamaza, na kunyamaza huko kuliniudhi sana.

Aliugua saratani ya tumbo Januari 1997, akalazwa Nyeri, akatuaga tarehe 11 Juni, na siku tatu kabla ya hapo aliniagiza nikusomee haya, mama, ingawa Warigia alinisihi nisiyasome, tukagombana hadi leo asubuhi. Mwanao hakuwa mzembe, alikosa kufundishwa, na aliyepaswa kumfundisha ni huyu aliyelala hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopasua kuni na kuchota maji, na walimu wenzake waliosimamia mitihani yake alipokuwa kitandani. Mama Karwitha, chakula kiko tayari, lakini ukitaka kuondoka sasa hivi hakuna atakayekulaumu, gari liko langoni na Ngendo atakusindikiza.

Ndugu yangu, uliyoogopa kuyasema yamesemwa, pumzika kwa amani ukiweza.