Javan Kweyu, Aliyemfuata Mgonjwa Mwenzake Mukuru

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Javan Kweyu wa Ziwani, fundi mitambo katika kiwanda cha blanketi. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka hamsini na mbili.

Mwaka 1994 Javan alipata saratani ya koo. Madaktari waliondoa kisanduku chake cha sauti, kisha akapigwa mionzi. Tangu siku hiyo alipumua kupitia tundu shingoni, na aliongea kwa kuandika kwenye daftari.

Matibabu yalikwisha. Kliniki hazikwisha. Kila mwezi alirudi kukaguliwa, baadaye kila miezi miwili.

Mkewe, Triza, anayemwita kwa jina la mtoto wao, anasema: "Wiki ya kliniki nyumba ilikuwa haikaliki. Baba Lorine anapapasa shingo, anapanga viti, anavipangua. Uji unapoa mezani."

Machi 1996, pale kwenye benchi la kliniki, Javan aliona mtu hayupo. Kijana Wandera, aliyekatwa uvimbe wa ulimi, alikuwa amekosa mara mbili. Javan alijua kitu kimoja tu: Wandera anakaa Mukuru kwa Reuben, mtaa mkubwa wa mabanda jijini Nairobi.

Akaenda kwa miguu. Siku tatu, wasikilizaji, akionyesha watu daftari: "Namtafuta Wandera, ana kovu chini ya kidevu." Wengine walidhani ni askari kanzu, wakamfungia mlango. Siku ya tatu akampata.

"Mzee, mimi niko fiti," Wandera akamwambia. "Nirudi kufanya nini?"

Javan akaandika: "Fungua mdomo." Kando ya ulimi palikuwa na kidonda cheupe.

Wandera akafunga mdomo, akasema: "Kimekuwepo tangu Krismasi. Naogopa kukatwa tena."

Javan akaandika: "Hata mimi naogopa. Kila mara. Kesho twende wote."

Walienda. Saratani ilikuwa imerudi, lakini ilikuwa bado ndogo. Ikakatwa. Leo Wandera yuko hai, anabeba magunia kwenye eneo la viwanda, Industrial Area, na mazishini ndiye aliyeshika mbele ya jeneza.

Na Javan? Hakukosa kliniki hata moja. Mwaka jana, picha ya kifua ilionyesha saratani imeingia mapafuni. Haikuwa na dawa.

Triza anasema: "Watu wananiuliza, si alikuwa anaenda kliniki? Nawaambia, alienda, ndiyo maana tulijua mapema. Tulipata miezi saba. Akamwandikia Lorine daftari zima. Mimi akaniandikia kurasa nne. Hizo sitawasomea."

Kwako Triza, kwako Lorine, na kwa majirani wote wa Ziwani: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna mtu kwenye ploti yenu aliyetibiwa koo, ulimi au taya. Anasema amepona. Redio ikinyamaza, mgongee mlango. Muulize kliniki yake ni lini. Akisema amesahau, kaa naye mpaka aipate kadi yake ya kliniki.