Anayetoka ni Mwalimu: Wasifu wa Marehemu Josepha Kilian Mbawala

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Mtaa wa Mkunguni na wazazi wa watoto wa darasa, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao leo mmejaa hapa kuliko sisi wenyewe, asalaam aleikum. Mimi ni Rachel, binti mkubwa wa marehemu. Nimeambiwa nisome polepole na nisilie. La kwanza nitajitahidi.

Marehemu Mwalimu Josepha alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Buguruni, katika chumba cha kupanga. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Kilian Mbawala, kuli wa bandarini, na Bi Evarista Nchimbi, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa jogoo wa jirani, na mvua za masika zikianza hakulala mpaka baba yake arudi kutoka kazini, kwa sababu njiani kulikuwa na bonde linalofurika. Akiwa na miaka saba aliwapanga wadogo zake barazani, akawahesabu kwa kidole, akifurahia hesabu aliyotoka nayo shuleni. Mama yake alitoka jikoni mikono imejaa unga, akamziba mdomo. "Watu hawahesabiwi, Josepha. Unawaitia balaa." Juma lile lile surua ikapita Buguruni na mdogo wake Benedicto akafariki. Hakuna aliyemlaumu. Mama yake mwenyewe alimweleza mara nyingi kwamba surua ilichukua watoto mtaa mzima. Lakini mama yangu hakumnyooshea mtu kidole cha kuhesabu tena maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Buguruni kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ualimu mkoani Morogoro, alikohitimu mwaka 1980. Chuoni alifaulu vizuri, ila kidogo akwame kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi alimtaka asimamishe watoto watano mbele ya darasa, amkalishe mmoja, aulize wamebaki wangapi. Mama alisimama na chaki mkononi, akasema tumbo linamuuma.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika shule za msingi za wilaya ya Ilala, akapewa darasa la kwanza, na hapo ndipo alipompata baba. Alikuwa amepeleka mizani chakavu ya darasani kwa Herman Ndunguru, fundi mizani wa Kariakoo. Baba akamuuliza, "Unauza nini, dada?"

"Siuzi. Nafundisha."

"Basi hii haina haja ya kupima sawasawa."

"Ina haja kuliko ya muuza nyanya. Huyo akikosea unarudi kugombana naye. Mtoto nikimkosea harudi."

Baba anasema aliitengeneza bure. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987.

Mwaka 1996 mama aliacha ajira ya serikali, akafungua chekechea uani kwa Bi Mauza, mwenye nyumba wa Mtaa wa Mkunguni hapa Kariakoo. Alifundisha kwa ndimu, karanga na vifuniko vya soda. Kujumlisha watoto walikupenda, kwa sababu vitu viliongezeka. Kutoa kuliwashinda kabisa. Mtoto wa Kariakoo ukimwambia alikuwa na karanga nne akala mbili, anakujibu kwamba nyingine zipo gengeni. Mama aliona kwamba mtoto haelewi kupungua mpaka kipungue kile anachokipenda. Kwa hiyo ilibidi wahesabiwe watu, na hapo hofu yake ikaamka upya.

Naye Bi Mauza alikuwa ameshamwonya siku ya kwanza. "Mwalimu, ua nimekupa. Ila mjukuu wangu Ghanim usimtoe kwenye hesabu, hata kwa mchezo."

"Hata mimi naogopa, Bi Mauza," mama akamwambia.

Wakakaa jamvini wote wawili, wakaogopa pamoja, na mchezo ukazaliwa hapo. Watu hawahesabiwi, basi zihesabiwe kandambili. Kila mtoto aliweka kandambili yake moja juu ya mkeka, na mwalimu aliweka yake. Na mtoto wa mtu asitolewe. Anayetoka ni mwalimu peke yake, siku zote. Aliokota kandambili yake, akaingia nyuma ya khanga iliyotundikwa kambani. Watoto wakahesabu zilizobaki, wakaita, "Tumebaki sita! Mwalimu, rudi!" Wakipatia, alirudi na kandambili yake, wakajumlisha sita na moja, wakapata saba na vifijo juu. Wakikosea hakurudi mpaka wahesabu upya. Wapo hapa watu wazima wenye maduka yao, Ghanim akiwa mmojawapo, waliojifunza kutoa kwa kumtoa mama yangu.

Mwezi Oktoba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu, na darasa nikalishika mimi. Katika wasifu mwingi husomwa kwamba marehemu aliupokea ugonjwa kwa ujasiri. Mama hakuupokea hivyo. Aliogopa. Aliogopa sindano, aliogopa mlio wa ile mashine, aliogopa kufa, na alitwambia waziwazi. Ninaposoma haya mimi mwenyewe naogopa, kwa hiyo sioni aibu kulisema.

Bi Mauza aliogopa kuliko sisi. Mwezi wa nne mwaka huu alisaidiwa kupanda ngazi za hospitali, akakaa pembeni ya kitanda akilia. "Mwanangu, ni mimi. Mimi ndiye niliyekufanya ujitoe, kila siku ya Mungu, miaka yote hii."

Mama akamshika mkono. "Sasa angetoka nani, Bi Mauza? Ghanim?"

Tulipobaki wawili aliniuliza nani anatoka siku hizi darasani. Nikamwambia mchezo nimeusimamisha, nawafundishia ndimu.

"Kwa nini?"

"Naogopa kusimama pale, mama."

"Mimi nimeogopa tangu siku ya kwanza, nikawa natoka hivyo hivyo. Wakizoea kuona anayetoka anarudi, hawatakuwa waoga kama mimi."

Sikumwahidi chochote. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa tatu asubuhi, baba akiwa amemshika mguu.

Jana watoto wa darasa waliletwa kutoa pole pale pale uani. Walivua viatu mlangoni kama watu wazima. Kisha Dalia, binti wa Ghanim, mwenye miaka mitano, alichukua kandambili moja ya kila mwenzake na moja yake, akazipanga juu ya mkeka katikati ya akina mama waliokuwa wakilia. Akazihesabu. "Tumebaki sita. Mwalimu, rudi." Akaitazama ile khanga, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Akahesabu tena, safari hii akigusa moja moja. Akaita kwa nguvu zaidi. Kisha akanigeukia. "Ticha Rachel, nimekosea?"

Niliingia ndani nikafunga mlango.

Marehemu ameacha mume, mzee Herman; watoto, mimi na mdogo wangu Festo; dada yake, mama mkubwa Jovitha; wajukuu; Bi Mauza, aliyekuwa mama yake wa pili; na watoto wa darasa. Kwenye ratiba mtaona idadi yao haikuandikwa. Si kosa la mchapaji. Mama asingependa.

Dalia, nakuona pale mapajani kwa babako. Hukukosea. Hesabu yako ilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. Ni kwamba safari hii mwalimu hawezi kurudi, hata tukipatia, na si kwa sababu ya kitu ulichofanya wewe. Jumatatu nitaweka kandambili yangu kwenye mkeka. Nitaingia nyuma ya khanga, mtaniita, na nitarudi. Naogopa sana, lakini nitatoka, na nitarudi.

Mwenyezi Mungu amwondolee hofu yote aliyoibeba, na ampe mapumziko ya amani. Pumzika, mama. Tumebaki.