Neno Moja kwa Chumba cha Vårby gård

Benchi liko nje ya kituo cha treni cha Vårby gård, limeegemea ukuta, mahali ambapo jua la Aprili hufika mchana na kukaa hadi saa tisa. Kushoto ni kituo cha mabasi. Mbele, kati ya duka la piza na saluni, kuna chumba ambacho dirisha lake limebandikwa karatasi. Ilikuwa ile wiki ya mwaka 2010 ambayo ndege za Ulaya zilikaa chini kwa sababu ya majivu ya volkano ya Iceland. Wanaokaa hapa wanaitana kwa majina ya benchi. Idd, mtu wa Tanga, anaendesha treni za mstari mwekundu, kwa hiyo anaitwa Norsborg, jina la kituo cha mwisho. Gaudiosa wa Bukoba, ambaye hutunza wazee, ni Mama Zamu. Mwamba, Mkenya, ni Uppsats, neno ambalo kwa Kiswidi ni tasnifu, kwa sababu ya kwake haiishi. Onésime wa Butembo, Kongo, ananyoa, anashona, anatengeneza simu na kompyuta, na kanisani anapiga gitaa la besi. Huyo ni Kotekote. Ndiye huja na chupa mbili za kahawa. Siku hiyo alikuja na chupa mbili na tatizo moja.

– Banipatia kile chumba, – Kotekote alisema huku akimimina. – Kampuni ya nyumba. Kile pale.

Wote waligeuka kutazama dirisha lenye karatasi.

– Hongera, kaka! – Norsborg alisema. – Sasa mbona uso umekunja?

– Ni madame wa kampuni. Anasema chumba kimoja, kazi moja. Mutu wa kwanza alikuwa anauzisha simu, magodoro na samaki. Magodoro ikaanza kunuka samaki. Sasa banataka neno moja tu ku kontra ya kupanga. Ataniita ku simu saa nane na nusu. Nikikosa neno, anapatia mwingine.

Mama Zamu alitazama saa yake.

– Saa nane imeshapita, Kotekote. Na Laurentine anasemaje?

Laurentine ni mke wake.

– Laurentine amechoka. Mashini ya kushona iko ku meza ya kula. Mashini ya kunyoa iko mu droo ya mikate. Na simu zenye ziliingia maji, minaziweka mu mchele zikauke. Juzi akamwaga mchele mu sufuria, simu ikalia.

– Akapokea?

– Akapokea. Ni mwenye simu, anauliza kama imepona.

Benchi lilicheka mpaka mwanamke aliyekuwa anatoka kituoni akageuka.

– Munacheka, – Kotekote alisema. – Leo asubuhi ameniambia: ukirudi bila neno moja, utalala ku balkoni na mashini zako zote.

– Buda, hiyo balkoni ndiyo imesimamisha ndege Ulaya nzima, – Uppsats alisema. – Wanasingizia Iceland tu.

Kotekote hununua kahawa mbichi kwenye duka la Mueritrea mmoja na kuikaanga kwenye kikaango, balkoni, ghorofa ya nne, kwa sababu jikoni king'ora cha moshi hulia. Majira ya baridi yaliyopita jirani aliona moshi akaita zimamoto. Walipanda na helmeti, wakakitazama kikaango, wakabaki mpaka chupa nzima ikaisha. Kotekote bado anaieleza habari hiyo kama aibu.

– Mimi nakupa jibu bila longolongo, – Norsborg alianza. – Nitazame mimi. Mstari mmoja. Ropsten, Norsborg. Norsborg, Ropsten. Sijawahi kupotea hata siku moja.

– Utapoteaje na uko kwenye reli? – Mama Zamu aliuliza.

– Ndiyo maana yangu hiyo, dada! Mtu ajiwekee reli. Niliokuja nao, huyu teksi, huyu mgahawa, yule kununua magari mabovu na kuyapeleka nyumbani. Kila Krismasi wana kadi mpya ya biashara. Mimi reli. Leo nina kazi ya kudumu, nina likizo, na nikiugua mtu mwingine anaendesha. Kotekote, ningekuwa wewe ningechukua kunyoa.

– Kwa nini kunyoa?

– Kichwa hakiishiwi nywele.

– Chako kiko karibu, – Uppsats alisema.

– We kijana, hebu mheshimu mtu anayekupeleka mjini! Na wewe, Kotekote, usimsikilize. Nani ananichonga hii laini ya huku nyuma? Kule mjini niliwahi kunyolewa, nikaendesha treni wiki nzima na kofia.

– Kwa hiyo unataka achague kazi kwa ajili ya kisogo chako, – Mama Zamu alisema. – Tulia, nikueleze jambo la maana. Kazini kwangu kuna mzee. Maisha yake yote alichonga visu vya siagi, vile vya mti.

– Na vijiko?

– Hata kimoja. Mkewe alimwomba mwiko, akakataa. Akamwambia mwiko ni fani ya watu wengine.

– Makubwa!

– Leo ana boti, ana nyumba kisiwani, na watoto wameshaanza kuigombania na yeye yupo, anawasikia.

– Na siagi anapaka na kisu chake? – Norsborg aliuliza.

– Nampakia mimi. Mikono inatetemeka. Lakini kisu ananichagulia yeye, kila asubuhi, na siyo kile kile.

Treni iliingia juu yao na kutoka.

– Kwa hiyo wewe ushone, – Mama Zamu aliendelea. – Kushona tu. Tena suruali achana nazo. Magauni.

– Magauni tu?

– Ya kitenge. Ya harusi.

– Harusi ya nani?

– Ya binti yangu, mwezi wa sita. Usijifanye hujui. Kitambaa changu kiko kwako tangu Noeli.

– Kiko salama, mama. Kiko chini ya gitaa.

– Mnaona? Angekuwa fundi wa kitu kimoja, ningekuwa nimeshakivaa.

Uppsats alikuwa amemaliza kikombe cha kwanza na kujimiminia cha pili. Alichomoa pakiti ya sukari mfukoni. Kotekote alimshika mkono.

– Onja kwanza. Kisha utaamua sukari. Hii niliitoa ku moto mapema kidogo. Ile ya jana niliitupa.

– Yote?

– Ilipita kuiva. Kidogo tu. Laurentine hakuona tofauti. Mimi niliona.

– Sawa, sawa, – Uppsats alisema na kurudisha sukari mfukoni. – Lakini nyinyi mko mbali sana na hii stori. Hii kitu ni ya ubongo. Ubongo ni betri. Asubuhi ukichagua shati, betri imeshuka. Ukichagua chakula, imeshuka tena. Ukifika kazini, msee umekwisha. Kwa hivyo unachagua kitu moja, zingine zote unakata. Shati moja. Chakula moja. Njia moja ya kwenda dukani. Rafiki mmoja.

– Rafiki mmoja? – Norsborg aliuliza. – Basi hapa tunaondoka wangapi?

– Niko serious, mzee. Kuna jamaa chuoni alikula makaroni pekee mwaka mzima ili asifikirie chakula.

– Akafanikiwa?

– Akalazwa. Lakini alikuwa amemaliza tasnifu.

– Na yako?

– Yangu niko utangulizi.

– Ulikuwa utangulizi nilipokuja kwenye benchi hili, – Mama Zamu alisema.

– Hiyo ndiyo fokasi, mama! Sijatoka hapo hata mara moja.

– Basi mshauri mwenzio. Achukue kazi gani?

– Kompyuta. Hakuna mjadala.

– Laptopu yako imezima, – Kotekote alisema.

– Tangu Jumatatu. Lakini hiyo haihusiani.

Norsborg alimgeukia Kotekote. Kwenye benchi hili, ushauri ukigonga ukuta, huulizwa habari za wazazi.

– Hebu tuambie, kaka. Mzee wako nyumbani alifanya kazi gani?

– Kulima kahawa.

– Na nini kingine?

– Kahawa tu. Ilikuwa kahawa mbele ya nyumba, kahawa nyuma ya nyumba. Alitusomesha sisi wote.

– Si unaona! Reli!

– Lakini hakuijua tamu yake. Tulikuwa tunauzisha yote, sisi tunakunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu ya kupakia mu kamyo. Mimi niliionja hapa Sweden, ku masomo ya Kiswidi, ile ya mashini ya ku ukuta. Nikasema, baba alivunjika mugongo kwa ajili ya hii? Haiwezekane. Nikatafuta mbichi, nikaanza kukaanga. Ya kwanza ilikuwa makaa. Ya pili makaa. Laurentine akasema acha. Sikuacha.

Alitikisa kichwa.

– Mais bon, tuache mambo ya kahawa. Madame ataita sasa hivi.

– Tafuta neno moja linalobeba yote, – Norsborg alisema. – Mwambie: huduma.

– Nilijaribu. Akauliza huduma ya nini.

– Mwambie: ufundi.

– Akasema yule wa magodoro naye alisema ufundi.

– Tupige kura, – Uppsats alisema. – Demokrasia.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kunyoa kulipata kura moja. Kushona kulipata kura moja. Kompyuta zilipata kura moja. Kotekote hakupiga kura. Alikuwa anakinga chupa ya pili kwa koti lake, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka.

– Basi piga wewe, ndiyo chumba chako, – Mama Zamu alimwambia. Safari hii hakutania. – Watu wanangoja chumba hapa miaka, Onésime. Kikienda, kimekwenda.

– Minajua, dada. Minazitazama zote tatu. Nikitoa moja, mutu fulani hapa atakasirika. Nikibakiza moja, ni mimi nitalala nayo na kuamka nayo. Kunyoa, najua. Kushona, najua. Lakini mteja akitoka, sikumbuke tena kichwa chake.

Basi lilisimama upande wa kushoto na kuzima injini. Mwanamke mwenye sare ya udereva alishuka, akavuka moja kwa moja hadi kwenye benchi. Mkononi alikuwa na kikombe chake, kitupu.

– Hamjambo, jamani. Kumbe ni Kiswahili! Mimi Domina, wa Kigoma. Wamenihamishia njia hii juzi.

– Karibu, Domina, – walisema kwa pamoja, na Uppsats akasogea.

– Sikai, nina dakika chache. Kila nikisimama hapa harufu inaingia mpaka kwenye basi. Jana abiria mmoja alishuka kabla ya kituo chake.

Kotekote aliinuka. Aliinamisha chupa ya pili, akammiminia polepole mpaka chupa ikagoma kutoa. Domina alionja akiwa amesimama. Alikitazama kikombe, kisha akanywa tena.

– Nani ameikaanga hii?

– Ni mimi.

– Haya. Bei gani?

Norsborg alikuwa na kikombe karibu na mdomo. Hakikufika.

– Bei ya nini? – aliuliza.

– Ya kahawa. Kikombe.

Norsborg alimtazama Mama Zamu. Mama Zamu alimtazama Uppsats. Uppsats alitazama viatu vyake. Wote watatu walikuwa wameinywa kahawa hiyo majira ya joto na ya theluji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuilipia.

– Haiuzwe, – Kotekote alisema. – Ni ya wageni.

– Ahsante, basi leo mimi mgeni. Lakini kesho nitakuwa nimeshazoea. Na kule nyuma kuna madereva wenzangu wanakunywa ile ya mashine kama dawa. Nikiwaleta, niwaambie bei gani?

Domina alimaliza, akakiweka kikombe chake kwenye ukingo wa benchi, pembeni ya vingine.

– Nitakikuta kesho, – alisema, akakimbilia basi.

Simu ya Kotekote iliita. Saa nane na nusu, kamili kama Waswidi wanavyopenda. Hakuipokea mara moja. Aliigeuza chupa ya pili juu chini. Lilidondoka tone moja, likaangukia kwenye changarawe. Alitazama dirisha lenye karatasi ng'ambo ya uwanja.

– Pokea, mtu wa Mungu! – Mama Zamu alisema.

Alipokea. Alisalimia kwa Kiswidi na kusikiliza. Benchi halikusikia madame anasema nini, lakini liliona Kotekote ananyoosha mgongo.

– Kaffe, – alisema.

Madame aliuliza kitu.

– Nej. Bara kaffe.

Kahawa tu. Aliwaambia hivyo kwa Kiswahili alipokata simu, ingawa walikuwa wamesikia.

– Na kisogo changu? – Norsborg aliuliza.

– Nenda na kofia.

– Na kitenge changu?

– Hicho nitamaliza, dada. Cha mwisho. Naapa.

– Na laptopu?

– Weka mu mchele.

Walicheka, halafu wakampa mkono mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Uppsats alikuwa wa mwisho. Aliinyoosha mikono yote miwili, na katika mmoja kilikuwemo kikombe chake.

– Imeisha, – Kotekote alimwambia.

– Kesho je?

– Kesho iko. Lakini bei sijue. Mutamuuliza Laurentine.

– Laurentine? – Norsborg alisema, akashusha kikombe chake kwenye benchi, taratibu. – Basi tumekwisha.