Zdravka Mihneva na Mchawi Mwenye Kidevu cha Dada Yake

Marehemu Zdravka Mihneva alizaliwa hapa Tryavna, Bulgaria, tarehe 9 Machi 1951, binti wa pili wa seremala Radoy na mkewe Gina. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake mkubwa, Stamena, fundi cherehani, kwa kuwa jamaa wengine wote wamepatwa na mafua ya ghafla.

Alisoma hapahapa, akichorachora madaftari yake na ya dada yake bila ruhusa. Mwaka 1970 alikwenda Leipzig, Ujerumani, kusomea uchoraji wa vitabu. Alirudi na maringo, na kichwa kisichoeleweka. Kwetu kutikisa kichwa juu na chini ni hapana. Kwake, siku nyingine ilikuwa ndiyo, kama kwa Wajerumani. Muuza maziwa alichoka akaacha kumuuliza.

Kuanzia 1977 alitunga vitabu vya picha vya kuwasomea watoto kitandani, akizichukua hadithi za kale na kuzivalisha nguo mpya. Alikuwa hodari. Hilo Stamena halibishii, ingawa linamkera.

Mwaka 1979 aliolewa na Lyuben, mpiga kodiani. Stamena alimshonea gauni, kisha akatamka mbele ya wageni kwamba bwana harusi ni mvivu. Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha mchawi anayekula watoto wasiofumba macho. Mchawi huyo ana kidevu kirefu chenye chunjua upande wa kushoto. Waombolezaji wanaruhusiwa kumtazama msomaji.

"Zdravka, huyu ni mimi?"

"Dada, kila mchawi ana kidevu."

"Na chunjua je?"

"Usinune. Watoto wakikuona tu, usingizi huo! Una faida sasa."

Kitabu kikaenea nchi nzima. Kwenye duka la mikate mtoto alipiga kelele, "Mama, yule mla watoto!" Mama yake akamwambia, "Nyamaza wewe, huyo ni Bi Stamena, fundi cherehani." Mtoto akajibu, "Ndiyo huyohuyo!" Watu walicheka, na Stamena aliondoka bila mkate. Hayo aliyameza. Kilichomchoma ni mjukuu wake mwenyewe, Desislava, ambaye hadi leo hakubali kulala nyumbani kwa bibi yake.

Marehemu aliugua mapafu msimu huu wa baridi. Mchapishaji wake, Bwana Tsanko, alikuwa akiandaa toleo jipya la kitabu cha mchawi. Stamena alikwenda hospitali, akamkuta ana mpira wa kupumulia mdomoni, akamuuliza mbele ya bwana huyo: "Utaubadilisha ule uso? Mtoto ananiogopa, Zdravka." Zdravka akatikisa kichwa juu na chini.

"Amekataa," alisema Tsanko.

"Amekubali. Amesoma Leipzig huyu!"

"Bi Stamena, yule ni Mbulgaria."

"Na wewe ni mfanyabiashara. Toka nje."

Alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 2 Februari. Stamena hakuwa amelirudia swali. Alimjua mdogo wake, na aliliogopa jibu.

Ameacha mume, Lyuben, ambaye bado ni mvivu; dada mmoja; na Desislava. Bwana Tsanko, uliyesimama pale nyuma, marehemu alikubali. Anayebisha aje kubishana nami hapa, mbele ya jeneza.

Mungu ampe Zdravka usingizi mwema, ule aliowapa watoto wa nchi nzima akamnyima dada yake. Ampe tu, hata hivyo.